Sanduku la Shemeji na Mayai ya Mama

Nyumbani kwetu mtu hawashi pasi kimyakimya. Hutangaza kwanza. Husimama mlangoni na pasi mkononi, akapaza sauti, "Napasi!" na yeyote aliye karibu na swichi ya pampu ya maji huizima, kisha hujibu, "Pasi!" Hapo ndipo pasi huchomekwa. Aliye bafuni na sabuni kichwani hujitegemea kwa maji yaliyomo ndooni. Pasi ikizimwa, tangazo hutolewa tena, na pampu hupata zamu yake.

Karibu kijiji chetu chote, hapa nje ya Mojosari, huishi hivyo. Mita zetu ni za wati mia tisa, na mita ya wati mia tisa haina subira. Ukiitwika zaidi ya uwezo wake, breka iliyo chini yake hushuka, tak, na nyumba nzima hunyamaza: feni, redio, jokofu, vyote kwa pamoja. Mtu mmoja hukimbia kuipandisha, na wengine hubaki wakiulizana nani kawasha nini bila kutangaza. Kuomba mita kubwa zaidi kungetunyima bei ya nafuu, na Mama hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wote duniani hutangaza kabla ya kupasi.

Shemeji yangu Prihandoko hakutangaza. Alijua desturi hiyo vizuri, kwa kuwa kwao pia wanaifuata. Ila yeye alikuwa mkwe, na mkwe mwenye malezi hapazi sauti katika nyumba ya mama mkwe wake, sembuse kumwambia lini apike na lini asipike.

Kwao ni Blitar, katika ukoo wa wafyatua matofali. Alipokuwa mtoto alikuwa akichora nyumba kwa msumari juu ya matofali mabichi kabla hayajachomwa. Baba yake alimgombeza, kwa sababu hakuna mnunuzi aliyetaka tofali lenye dirisha. Lakini matofali yalikuwa mengi na macho ya baba yalikuwa mawili tu, na hadi leo, dada yangu Ratri, mkewe, aliwahi kuniambia, ziko kuta kule kwao zenye vijumba vidogo vilivyofichwa ndani ya plasta. Alipokua alisomea uchoraji wa majengo, akapata kazi Surabaya katika ofisi ya kuchora nyumba ambazo hazijajengwa. Mteja akitaka kuona sebule yake itakavyokuwa, Mas Pri, yaani Kaka Pri kama tunavyomwita, humwonyesha: jua la alasiri likiangukia meza, kikombe cha kahawa, kivuli cha pazia sakafuni. Hakuna hata kimoja kilichopo duniani, lakini ukiitazama picha unatamani kuvua viatu.

Kazi ya kuumba picha ya namna hiyo hufanywa na kompyuta. Huhesabu kila mwali wa mwanga unavyogonga ukuta na kurudi, na picha moja huweza kuchukua dakika nyingi, na picha kumi na mbili zikachukua nusu ya siku. Mas Pri aliita kazi hiyo "kupika". Sehemu inayobeba mzigo mkubwa ni kadi ya michoro, kipande kizito chenye feni zake chenyewe, na yake ilikuwa kubwa kuliko busara. Ofisi ilipofungwa alianza kufanya kazi kwa wateja wake mwenyewe, akajiundia kompyuta ndani ya sanduku dogo, kiasi cha kopo la biskuti tunazonunua kwa sikukuu ya Lebaran, yaani Idi. Kadi ile aliiingiza humo kwa kuigeuza geuza kama mtu anayepitisha kitanda kwenye mlango mwembamba. Alitaka sanduku dogo ili aweze kulipakia kwenye pikipiki.

Na kweli alilipakia. Ratri alipokuwa na mimba ya miezi sita, presha yake ilipanda, mkunga akamwamuru alale zaidi ya kusimama. Akarudi nyumbani kwa Mama, na mumewe akamfuata kutoka Surabaya, sanduku likiwa limefungwa kwa sarongi na kubanwa katikati ya magoti yake.

Mama, ambaye kijiji kinamwita Bu Kas, hutotolesha vifaranga vya bata. Ana mashine mbili za mbao alizotengeneza marehemu Baba kutokana na kabati la nguo, zenye taa ndani za kutoa joto na trei za mayai. Mayai ya bata huhitaji karibu mwezi mzima. Mama huyageuza, huyanyunyizia maji, huyamulika kwa tochi moja moja, huyaegemeza sikioni. Joto likipotea kidogo hakuna neno. Likipotea saa nyingi katika siku za mwisho, kifaranga hufia ndani ya ganda huku mdomo wake ukiwa tayari umeelekea nje.

Mwezi wa kwanza breka ilishuka mara nyingi, lakini daima palikuwa na mtu wa kuipandisha. Kila iliposhuka, Mas Pri alipoteza picha iliyokuwa inapikwa, na Mama akatoka jikoni akiwa na uso wa kuomba radhi.

"Samahani, Mas. Nadhani ni sufuria yangu ya wali."

"Hapana, Bu. Samahani mimi. Nadhani ni mimi."

"Ah, si wewe. Ni umeme tu."

"Ndiyo, Bu. Ni umeme tu."

Kisha kila mmoja alirudi mahali pake, na umeme, uliosingiziwa, ukaendelea na kazi.

Siku ya balaa ilikuwa siku ya kliniki. Mas Pri alimpeleka Ratri Mojokerto. Mimi nilikuwa nimekwenda kusailiwa kazi. Mama alikuwa amealikwa nyumba ya tatu kusaidia kupika kwa ajili ya hitima. Mas Pri alikuwa na picha za hoteli ndogo ya mlimani ambazo mteja alizisubiri, akaiacha kompyuta ikipika peke yake. Hakumwambia mtu, maana kumwambia Mama kungekuwa kama kumpa amri. Mama naye, alipotoka, hakuuliza, maana kuuliza kungekuwa kama kulalamika. Tangi la maji likapungua, pampu ikajiwasha yenyewe kama ilivyozoea, breka ikashuka. Foleni ya kliniki ilikuwa ndefu. Aliyefika wa kwanza nyumbani ni Mama, na mashine zilikuwa za baridi kama meza.

Trei ya juu ilikuwa ya mayai yaliyobakiza siku mbili. Mama aliyaegemeza sikioni moja moja mpaka magharibi. Vifaranga wachache walitoka, dhaifu, na Ratri akawaweka ndani ya boksi la karatasi nyuma ya kompyuta ya mumewe, pale panapotoka hewa ya moto, wakakaa humo wakilia na kukauka. Waliobaki Mama aliwazika nyuma ya nyumba, chini ya migomba.

"Si wewe, Mas," alisema akinawa mikono. "Ni umeme tu."

Mas Pri alichukua jembe akalirudisha mahali pake. Alikuwa amesimama dirishani muda wote akimwona akichimba.

Baada ya siku chache alituambia wakati wa chakula, macho yakiwa kwenye sahani, kwamba amepata chumba cha kupanga Surabaya. Angekaa huko mpaka Ratri ajifungue. Angekuja Jumapili. Kazi ile ya hoteli ikikamilika, angekuja hata Jumamosi.

"Kama unaona ndivyo vyema, Mas," Mama alisema kwa upole.

Kwa lugha ya nyumbani kwetu, maneno hayo maana yake ni "usiende". Mas Pri aliijua maana yake. Lakini kama Mama hakutaka kulisema neno hilo waziwazi, yeye angelisikiaje waziwazi? Akashukuru. Ratri aliondoka mezani, akaenda kulala akiuelekea ukuta. Mwezi mmoja kabla, aliwahi kuniambia kitu kimoja tu anachokiogopa: kwamba uchungu utamshika na Mas Pri yuko mbali, ng'ambo ya foleni zote za magari za Surabaya.

"Shemeji," nilimtania nikimsaidia kuosha vyombo, kwa kuwa utani ndio silaha pekee tuliyonayo sisi wadogo, "ukienda nani atanichorea nyumba yangu ya ghorofa?"

"Utapata mume mfyatua matofali, Dik Tyas. Atakujengea moja kwa moja."

Alicheka, lakini sahani aliyoishika aliisugua mpaka nikamnyang'anya.

Alhamisi alikuja Lik Sarpin kutazama pampu. Ni binamu mdogo wa Mama, kwetu mjomba, fundi wa pampu na mfugaji wa bata, na Mungu alipogawa haya yeye alikuwa amekwenda kuchunga. Alimkuta Mas Pri kibarazani akilifunga sanduku kwa ile sarongi yake.

"Unahama, Mas? Bata wamekufukuza?"

"Naenda Surabaya kidogo, Lik. Kesho kutwa."

"Kidogo ya Surabaya naijua. Shangazi yangu alikwenda kidogo, akarudi na wajukuu."

Akapita moja kwa moja mpaka jikoni kutafuta kahawa. Huko alimkuta Mama amechutama mbele ya mafiga, anapuliza kuni, macho mekundu.

"Yu Kas, dada yangu! Sufuria yako ya umeme imekufa lini?"

"Haijafa. Wali wa kuni una harufu nzuri."

"Harufu nzuri! Na hayo machozi ni ya utamu?"

Nilikuwa nakata vitunguu, na sikuweza kunyamaza zaidi. "Mama anaogopa kumshushia Mas Pri breka. Ameiweka sufuria juu ya kabati tangu mwezi uliopita."

"Nduk," Mama alinionya, kama anavyoniita mimi bintiye.

"Na yule kule," Lik Sarpin alisema, akionyesha kibarazani kwa kidole gumba, "chumba chake nimekichungulia nilipopita. Feni imezimwa! Fulana imemganda mgongoni kama kaoga na nguo. Anaogopa kumshushia mama mkwe breka. Mmoja analia moshi, mwingine anachemka, na mayai yamekufa vilevile! Hii ni adabu au ni ugonjwa?"

Alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na bata mia mbili. Mas Pri alisikia kila neno. Akaja mpaka mlango wa jikoni, akasimama hapo, kichwa kimeinama.

"Lik, kosa ni langu."

"Nani kataja kosa? Mimi nataka kujua wati. Lete hilo kopo lako tulipime."

Lik Sarpin ana kifaa kidogo cha kuchomeka ukutani, cha kupimia pampu zinakula umeme kiasi gani. Sarongi ikafunguliwa, sanduku likarudishwa mezani, kifaa kikawekwa katikati yake na ukuta. Kompyuta ilipowashwa tu ilikula kiasi cha taa chache. Mas Pri alipoipa picha ya kupika, namba zikapanda, zikapanda, zikatulia kwenye mia tatu na thelathini.

"Lo!" Lik Sarpin alirudi nyuma nusu hatua. "Huyu anakula kuliko pampu na jokofu lenu kwa pamoja. Kadi peke yake je?"

"Mia mbili na zaidi ndiyo kadi."

"Sasa haiwezi kula kidogo?"

"Inaweza." Mas Pri alijikuna shingo. "Lakini naogopa."

Ndipo alipotueleza, polepole, kama mtu anayetaja ugonjwa. Kiwandani, alisema, hawana nafasi ya kuijua kila kadi. Kwa hiyo huzipa zote volti nyingi, ili hata iliyo dhaifu kuliko zote isianguke. Kadi nyingi hupewa kuliko zinavyohitaji, na ziada yote hugeuka joto. Mwenye kadi anaweza kuingia kwenye mipangilio, akashusha volti kidogo kidogo, na kuiwekea kadi kikomo cha wati isichoweza kukivuka. Lakini ukishusha mno, kompyuta huzimia katikati ya kazi. Ilimtokea Surabaya. Alijaribu mara moja, kioo kikawa cheusi na picha zilitakiwa asubuhi ile. Mkubwa wa ofisi alimtazama tu, na mtazamo ule anao mpaka leo. Tangu hapo hakuwahi kuigusa tena. Ofisini kila mtu alikuwa akishindana kuiongezea kadi yake moto, si kuipunguzia.

"Kesho kutwa unaondoka," Lik Sarpin alisema. "Ukiiharibu, utaondoka na iliyoharibika. Usipojaribu, utaondoka vilevile. Tofauti iko wapi?"

Mas Pri alifikiri. Kisha akakaa.

Kwanza aliweka kikomo cha wati, kama theluthi mbili ya ilichokuwa ikila. Halafu akashusha volti hatua moja, akapika picha ya majaribio, akatazama saa na kile kifaa. Hatua nyingine. Picha aliyoitumia sikuwahi kuiona kabla. Ilikuwa ya jikoni. Nilitazama tena, nikaona ni jiko letu, mafiga yaleyale na rafu ileile ya Baba, ila upande wa mashariki ulikuwa na dirisha pana ambalo hatuna, na moshi ulikuwa ukitokea humo na kumwacha mpishi katika hewa safi. Alikuwa amemchorea Mama dirisha, na hakuwahi kumwonyesha.

"Kwa nini hukumwambia?" nilimnong'oneza.

"Angedhani nalisema vibaya jiko lake."

Hatua nyingine. Bado inapika. Nyingine. Kioo kikawa cheusi, na mngurumo wa feni zake, uliosikika mpaka jikoni, ukakatika.

Kilichofuata kilitokea kwa mazoea ya miaka. Mama alipiga kelele kutoka jikoni, "Nani kawasha pampu?" Ratri akajibu kutoka kitandani, "Si mimi, mimi nimelala!" Mimi tayari nilikuwa nakimbilia kwenye mita, na Lik Sarpin nyuma yangu. Ndipo sauti ambayo hatukuwahi kuisikia ikapita kuta mbili.

"Siyo breka, Bu! Breka iko juu! Ni mimi, nimeipunguzia mno!"

Nyumba ikanyamaza, ingawa feni ya Ratri iliendelea kuzunguka. Tangu awe mkwe, Mas Pri hakuwahi kumpigia Mama kelele, hata za kumwita chakula kikiwa tayari. Nilimwona kupitia mlangoni, ameshika mdomo kwa mkono kama aliyevunja sahani ya wageni.

Kisha Mama akajibu, naye kwa sauti ileile ya kuvuka kuta.

"Basi rudisha kidogo, Mas! Moto wa halua ya dodoli huo, haupunguzwi kwa pupa!"

"Narudisha, Bu!"

"Ukisharudisha sema!"

"Nitasema!"

Lik Sarpin alinitazama akatikisa kichwa. "Mwaka mzima wa ukwe," alisema, "na ilibidi mashine izimie ndio waongee."

Akarudisha hatua mbili, kwa usalama. Akapika ile picha ya jikoni mara nne mfululizo bila kuiacha macho. Haikuzimia. Kile kifaa ukutani kilisoma mia mbili na kumi na tano, na hakikupanda tena. Lakini kilichomshangaza Mas Pri ni saa. Alitarajia picha ichukue muda mrefu kwa theluthi nzima, akawa ameshajiandaa kuwaomba wateja radhi. Ilichelewa dakika mbili tu kati ya arobaini. Aliinua mkono akauweka juu ya sanduku, akauacha hapo.

"Haichomi," alisema.

Akaanza kucheka, peke yake kwanza, halafu akatueleza. Sanduku lile lilikuwa dogo mno kwa kadi ile. Joto halikuwa na pa kutokea, na kadi ikishachemka hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Miezi yote hii alikuwa akiilisha wati ambazo ilizitumia kuchemka, kisha ikapunguza mwendo kwa sababu imechemka. Alipopunguza chakula, ilipoa, na ilipopoa ikakimbia sawasawa. Alikuwa amekaa ndani ya chumba cha joto, feni imezimwa, akitokwa na jasho kwa ajili ya kasi ambayo hakuwa nayo.

Wa kwanza kulalamika walikuwa wale vifaranga dhaifu. Walianza kulia kwa pamoja ndani ya boksi lao nyuma ya kompyuta, wamesongamana pembeni.

"Wamesikia baridi," Ratri alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ameamka bila ruhusa ya mkunga. "Mas, umewazimia jiko lao."

Tukawahamishia chini ya taa. Nadhani hakuna aliyewahi kufurahi hivyo kwa kusikia bata wakilalamika.

Jaribio lenyewe tulilifanya kesho yake alasiri. Mama alishusha sufuria ya umeme kutoka juu ya kabati, akaifuta vumbi. Mashine zote mbili zilikuwa na mayai mapya, jokofu linanguruma, Mas Pri yuko chumbani na picha za hoteli, feni yake imewashwa. Mimi na Lik Sarpin tulisimama chini ya mita kama watu wanaosubiri mwezi wa Lebaran uandame.

"Napika wali!" Mama alitangaza.

Tuliinua macho kwenye breka. Kisha, kutoka chumbani: "Pika, Bu! Na mimi napika!"

Sufuria ikachomekwa. Breka haikutikisika. Tulingoja wali uive, na ulipoiva Lik Sarpin akafungua bomba la bafuni na la uani yote mawili, maji yakamwagika mpaka tangi likapungua. Pampu ikajiwasha. Taa ya sebuleni ikapepesa mara moja, nikafumba macho. Nilipofumbua bado inawaka, na redio ya jirani wala haikuwa peke yake hewani, maana yetu pia ilikuwa ikiimba.

"Iko juu," nilisema, halafu nikasema kwa sauti, "Iko juu!"

Ratri akaketi kwenye ngazi ya mlango, mikono juu ya tumbo, akalia kidogo kwa namna ya watu waliopumzika. Mas Pri alitoka akamkuta hapo. Aliiokota ile sarongi aliyoifungia sanduku, akaikung'uta, akaivaa kiunoni, akaenda kutawadha kwa ajili ya magharibi. Chumba cha Surabaya kilipata mpangaji mwingine.

Tukawekeana utaratibu mmoja wa ziada: nyumba ikibaki tupu, kompyuta huzimwa, hata kama picha imebakiza kidogo. Utaratibu huo aliutangaza Mas Pri mwenyewe mezani, na Mama akasema, "Vizuri," na mara hii maana yake ilikuwa vizuri. Dirisha la jikoni bado halijatobolewa. Picha yake imebandikwa juu ya mafiga, na Mama huwaonyesha wageni dirisha lake kama vile hewa inapita.

Uchungu ulimshika Ratri siku ya soko, saa ya chai. Hakuita kwa upole. Alisimama katikati ya sebule, akatangaza kwa desturi ya nyumba, "Mas! Zima, tunakwenda!" na kutoka chumbani likaja jibu hapohapo, "Nazima!" Mas Pri alikuwa naye njia yote, na alikuwa mlangoni mkunga alipomtoa mtoto wa kike, mwenye kelele nyingi na nywele nyingi. Mayai ya trei ya juu yalianguliwa wiki ileile, karibu yote, na kwa siku kadhaa hatukuweza kutofautisha nani analia wapi.

Juzi nilimwona Mama amesimama kwenye mlango wa sebule. Mkono mmoja pasi, begani rundo la nguo za mjukuu wake.

"Napasi!"

"Bado, Bu!" Mas Pri alijibu kutoka ndani, bila hata kufikiri. "Ipo picha moja jikoni. Subiri kwanza!"

Mama alibaki na pasi hewani. Akageuka akanitazama, macho makubwa.

"Umemsikia mkwe wangu, Nduk? Ananizuia."

Akavuta kiti karibu na mlango wa chumba cha mkwe wake, akaketi, pasi ya baridi mapajani na nguo za mtoto juu yake, akasubiri. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekaribishwa.